Bomba la Tatu

Miaka thelathini na mmoja alipita nyumba kwa nyumba akisoma mita za maji, ndiyo maana hata baada ya kustaafu watu waliendelea kumwita Mzee Mita. Kazi ile ilimfundisha kusikia. Alikuwa akisimama uani, koki zote zimefungwa, anainamisha kichwa kama anayepewa siri, kisha anamwambia mwenye nyumba kwamba choo chake kinavuja, au bomba la jikoni limetoboka. Hakukosea mara nyingi. Lakini mganga hajigangi. Siku maji yalipoanza kuvuja kwake mwenyewe, alitafuta siku tatu asione.

Kwake kulikuwa ndani ya boti kuukuu ya matanga, iliyofungwa gatini pamoja na nyingine kumi na kitu. Yeye na mkewe waliinunua alipostaafu, wakaipiga msasa na rangi kwa mikono yao, wakahamia humo huku jamaa wakisema wamezeeka vibaya. Mkewe, ambaye hakuwa mtu wa kukosa jibu, aliwaambia nyumba finyu ni rehema: mtu akinuna hana pa kwenda kununia. Waliishi humo miaka sita. Kisha mkewe akaugua, akafariki, na sasa ulikuwa mwezi wa nane tangu Mzee Mita abaki peke yake.

Jumatatu, akila chakula cha mchana, alisikia pampu ikinguruma. Pampu ile huvuta maji ya kunywa kutoka kwenye tangi, na huwaka pale tu mtu anapofungua koki. Hakuna aliyefungua koki. Ikanyamaza. Baada ya dakika nne ikawaka tena. Aliinua mbao za sakafu akachungulia kwenye ngama, kule chini kabisa ya boti ambako maji ya kila namna hujikusanya, akakuta yamefika kina cha kifundo cha mguu. Alichovya kidole, akaonja. Hayakuwa na chumvi. Basi boti haikuwa na tundu. Yalikuwa maji ya tangi lake.

Aliyateka maji ya ngama kwa ndoo, akayamwaga nje, akaanza msako. Jikoni alikausha kila kiungo cha bomba kwa kitambaa, akakizungushia karatasi laini, kwa sababu karatasi haifichi tone. Ikabaki kavu. Chooni vilevile. Alilala kifudifudi chini ya ngazi, tochi mdomoni, mpaka mgongo ukagoma. Jumatano akanyoosha mikono, akamwita fundi bomba.

Fundi alikuwa mwanamke wa makamo, mwili umejaa, lakini alijipenyeza mahali ambapo paka angefikiri mara mbili. Aliuliza mabomba yanatoka kwenye pampu yakielekea wapi. Mzee Mita akasema ni mawili, la jikoni na la chooni. Fundi akafunga valvu ya jikoni, pampu ikawaka. Akafunga na ya chooni. Wakangoja. Pampu ikawaka tena. Fundi alikaa kitako sakafuni, akafuta mikono, akamtazama.

"Mzee, kuna bomba la tatu."

Mzee Mita alichukua kitambaa, akaanza kukausha tena kiungo cha jikoni.

"Mficha uchi hazai. Nionyeshe linakopita, la sivyo tutashinda hapa tunakausha viungo vizima."

Bomba la tatu alilipitisha yeye mwenyewe, mkewe aliposhindwa hata zile hatua nne za kwenda chooni. Lilipita ubavuni mwa boti, nyuma ya kabati la nguo, likaishia kwenye beseni dogo kando ya kitanda, ili mgonjwa anawe uso bila kuinuka. Mkewe alilipenda beseni lile kuliko zawadi yoyote aliyowahi kupewa. Alisema sasa yeye ni mgeni wa hoteli. Wiki moja baada ya mazishi Mzee Mita hakuweza tena kulitazama. Alilibandua, akaziba mdomo wa bomba kwa kizibo na klipu, akitazama pembeni, akausukuma nyuma ya kabati.

Kabati lenyewe hakulifungua. Ndani mlikuwa na nguo za mkewe, na nguo zilikuwa na harufu yake, ile ya sabuni na mafuta ya nywele na yeye mwenyewe. Binti yao alipopiga simu kwamba atakuja wazipange, nyingine wazigawe, alimkatalia. Alijiambia kuwa iko siku atazidiwa kabisa na upweke. Siku hiyo atafungua mara moja tu, avute pumzi, afunge. Kwa siku tatu alijua moyoni pa kutafuta, akatafuta kwingine kote.

"Ni nyuma ya hilo kabati," alisema mwishowe. "Mna nguo za mwenzangu."

Fundi, aliyekwisha shika kitasa, aliondoa mkono.

"Basi fungua wewe."

Mlango ulikuwa umevimba, ikabidi auvute mara mbili. Kilichomjia usoni ni uvundo. Rafu ya chini ilikuwa imeloa chapachapa, na gauni alilovaa mkewe kwenye harusi ya binti yao lilikuwa na madoa meusi hadi kifuani. Alitoa sweta la kijivu kutoka rafu ya juu kabisa, akazika uso ndani yake, akavuta pumzi. Ukungu mtupu. Akavuta tena, pole pole, kama anayeita mtu aliye mbali.

"Nilifunga ili isitoke," alisema.

Fundi hakuuliza ni nini. Alipenyeza mkono nyuma, akakuta skrubu ya klipu haikukazwa hadi mwisho; miezi yote maji yalidondoka tone kwa tone, hadi wiki hii kizibo kilipolegea. Hakusema kazi ile ni ya nani. Akaweka kizibo kipya, akakaza, na pampu ikanyamaza. Kabla ya kuondoka alimshauri azifue leo leo, azianike juani. Mzee Mita akasema kufua kutamaliza kile kidogo kilichobaki.

"Zilizobaki ni nguo tu, mzee," fundi alisema taratibu. "Nazo zitaoza."

Alizifua alasiri ile juu ya sitaha, akafunga kamba kutoka mlingotini hadi nyuma, akaanika magauni, blauzi, na mwisho sweta. Jirani mmoja, aliyesafiri na boti yake tangu mke wa Mzee Mita akiwa bado hospitalini, ndiyo kwanza alikuwa amerejea. Aliziona nguo kutoka mwisho wa gati, akapunga mkono, uso umechangamka.

"Naona mama amepona! Msalimie sana."

Mzee Mita aliweka chini vibanio. Akashuka gatini, mikono ikichuruzika maji, akatembea hadi karibu naye kabisa, ili asilazimike kulisema kwa sauti.