Jiwe Lililompiga Sabin

Wifi yangu Veturia hapendwi na mtu kijijini, na wa kwanza kutompenda ni mimi. Ana mdomo mchungu, ana kiburi, na supu yake ni maji ya kuoshea vyombo. Lakini kuna jambo moja nitakalomtetea hadi naingia kaburini, nalo ni lile geti lake.

Geti lenyewe ni miti miwili tu, pale njia ya mlimani inapoanzia, mbele ya kibanda cha wapanda mlima ambacho halmashauri ya kijiji ilimpa akitunze. Anaishi humo na mumewe Sabin, ambaye ni kaka yangu. Nyumba nyingine hawana. Anatandika vitanda, anauza hiyo supu yake, na kila mpanda mlima anayefika anaulizwa swali moja kabla hata ya salamu.

"Dawa ya dubu iko wapi?"

Anamaanisha kopo la pilipili ya kupuliza. Mwenye nalo anapita. Asiye nalo anaazimwa mojawapo ya yale yaliyoning'inizwa ukutani, alirudishe akishuka. Asiyetaka arudi kwao. Na wengi hawataki, maana hawa watu wa mjini wakishasoma mambo mtandaoni wanamjua dubu kuliko mama aliyemzaa.

"Mama, sisi tuna kengele," mmoja alimwambia huku akitikisa shanta lake. "Dubu akisikia kengele anakimbia."

"Dubu wa wapi?"

"Dubu yeyote."

"Huyu wetu amelelewa na watalii. Akisikia kengele anajua chakula kiko mezani."

Alisema kweli, na aliyemlea dubu huyo namjua. Ni kaka yangu.

Kwa miaka mingi Sabin alikuwa fahari ya kijiji. Jioni alisimama nyuma ya nyumba ya wageni ya Dorel, akapiga mluzi, na dubu jike akatoka msituni kama mbuzi anayerudi zizini. Sabin anatoa mkate mfukoni, dubu anakula mkononi mwake, wageni wa Dorel wanapiga picha kutoka roshani huku wakinywa pombe ya plamu. Mkate wenyewe ulitoka jikoni kwa Dorel. Dorel alimwita kaka yangu daktari wa dubu. Veturia alimwita mjinga, na mimi nikagombana naye kwa neno hilo, ingawa alikuwa na haki.

Mzaha mzaha hutumbua usaha. Jioni moja ya vuli mfuko ulikuwa mtupu. Dubu hakuwa na ugomvi na mtu, alikuja kuchukua kile alichozoea kupewa. Sabin alizinduka hospitalini akiwa hana nusu ya taya wala jicho la kushoto.

Dorel alifika hospitalini kabla ya padri. Sijui alimnong'oneza nini, lakini tangu hapo habari ya kijiji ikawa kwamba Sabin aliteleza mlimani, akapigwa na jiwe. Kila mwenye chumba cha kupangisha aliikariri kama sala. Mimi nilisema dukani, mbele za watu, kwamba sijawahi kuona jiwe lenye kucha, nikanuniwa mwaka mzima. Lililoniuma zaidi ni kwamba Sabin mwenyewe aliikubali hadithi hiyo. Aliona afadhali kupigwa na jiwe kuliko daktari kuumwa na mgonjwa wake. Akajifunga skafu usoni, akajichimbia nyuma ya jiko la kuni, maneno yakamwisha. Hata wakati wa kula aligeukia ukuta, akala ugali wake na jibini akiwa ametupa mgongo.

Kiangazi hiki Dorel akaja na jipya. Akashona vifuko, akavijaza pilipili nyekundu ya unga, ile ya kupikia, akawa anawafungia wageni wake kwenye mashanta. "Kinga ya asili, ya babu zetu," akawaambia. Babu zetu gani? Babu zetu pilipili hiyo waliipaka kwenye mapande ya mafuta ya nguruwe, wakayatundika stoo, na kila theluji ikiyeyuka dubu alivunja mlango kuyafuata. Mikate ya watalii imejaa mafuta hayo hayo. Kumfungia mtu kifuko kile mgongoni ni kumtangazia dubu kwamba chakula kinapita.

Mke na mume kutoka Bukaresti walifika getini wakiwa na vifuko hivyo. Veturia akawakatalia. Wakamcheka, wakazunguka kwa chini, msituni. Kabla ya chakula cha mchana walirudi mbio, mashanta hawana, mke ana kiatu kimoja.

"Alitufuata!" mwanamke alikuwa analia. "Tulisimama, akasimama. Tukatembea, akatembea!"

"Sikio la kufa halisikii dawa," alisema Veturia, akawamiminia chai. Kisha akatoka na mnyororo, akafunga geti.

Dorel hakukawia.

"We Veturia, una wazimu? Unanifungia wageni?"

"Wa kwako, ndiyo. Wenye vifuko hawapiti."

"Mlima ni wako?"

"Mlima si wangu. Geti ni langu."

"Hata hilo geti utaliacha Jumapili, dada yangu. Na kibanda chake."

Jumapili baada ya ibada tukakusanyika darasani kwa mkutano wa kijiji, watu wazima tumebanwa kwenye madawati ya watoto. Hoja ilikuwa moja: Veturia aondolewe, kwa kuwa anatisha wageni. Wifi yangu alisimama kujitetea na, kama kawaida yake, akatukana nusu ya waliokuwemo. Nilitamani kumziba mdomo. Dorel alimngoja amalize, akasema kwa upole wa mtu aliyekwisha kushinda:

"Ndugu zangu, tuseme ukweli. Nani hapa ameguswa na dubu? Hata ndugu yetu Sabin, masikini, ni jiwe. Yule pale, mwulizeni."

Alijua Sabin hasemi. Kaka yangu alikuwa amekaa karibu na mlango, ameinama. Nikaona mkono wake unapanda shingoni. Akaanza kufungua ile skafu, mzunguko baada ya mzunguko. Mimi dada yake ndiyo ilikuwa mara yangu ya kwanza kuuona uso ule. Nikashika ukingo wa dawati.

"Jiwe lilikuwa na pumzi," alisema. Maneno yalitoka yamepondeka, lakini tuliyasikia. "Lilinuka mkate wako, Dorel."

Ungedhani basi, imekwisha. Thubutu! Meya aliomba mikono, na mikono ikanyanyuka, hata ya watu waliokuwa wanafuta machozi. Vyumba vyao vina wageni. Veturia akapewa hadi theluji ya kwanza kukiacha kibanda. Niliwalaani wote pale pale, mmoja mmoja kwa jina, na sijajuta.

Kesho yake asubuhi nilipanda kwenda kuwasaidia kufungasha. Nikakuta mnyororo umeondolewa na geti liko wazi. Sabin alikuwa amekaa kwenye kigoda katikati ya njia, uso wazi, jua linampiga. Veturia alisimama nyuma yake, kimya, jambo ambalo sijawahi kuliona.

Akaja mgeni wa Dorel, kifuko mgongoni. Akamtazama kaka yangu, akasita.

"Mzee, pole. Nini kilikupata?"

"Nilibeba chakula kama wewe," Sabin akamwambia. "Nikadhani nimebeba kinga."

Yule mtu akakifungua kifuko chake, akakiweka chini kwenye nyasi. Akaenda ukutani, akachukua kopo bila kuulizwa, akapita.

Mchana Veturia alimletea mumewe ugali na jibini pale pale getini. Akala akiitazama njia.