Mzee Aliyewanyima Ng'ombe Chumvi

Tumemzika Jumamosi mzee mmoja, jirani wa kile kiwanda kilichokuwa kikipaka bampa na mipini ya baiskeli kromu ya kung'arisha chuma, nje kidogo ya mji wa Kericho. Figo, alisema daktari. Miaka mingi alikunywa maji ya chemchemi iliyo chini ya kiwanda, kabla yeyote hajajua kwa nini yanakuja manjano.

Wasomaji wangu mnanijua. Shule niliiona kwa dirisha, lakini kiwanda kilipofungwa na ikaamuliwa udongo wake wenye sumu uchimbwe, ni lori langu lililoitwa, si la mwenye digrii. Tulikuwa tuupeleke kwenye shimo lililosiribwa udongo wa mfinyanzi, juu ya kilima. Mvua ya huku kwetu kwenye majani chai haingoji mtu. Barabara ikawa uji, hata mimi nikashindwa kupanda, na injinia akaamuru tumwage mzigo kando ya ua wa mzee huyu mpaka kukauke.

Jua lilipotoka kidogo, lundo likaota ukoko wa manjano wenye chumvi. Nyinyi wafugaji mnajua ng'ombe akinusa chumvi anakuwaje. Wa mzee alitangulia kulamba, akafa na mimba yake. Watu wakaleta mifugo yao vilevile, wakifurahi kwamba safari ya kwenda kulambisha chumvi mtoni imekwisha. Wakamkuta mzee amesimama na rungu.

"Mzee, siku hizi unanyima watu udongo?"

"Rudisha ng'ombe yako."

"Yako ilikufa na uzee, usitusingizie!"

"Ilikuwa na mimba. Uzee gani huo? Rudisha, nimesema!"

Akampiga fahali wa jirani puani, damu ikatoka. Akaitwa barazani kwa chifu. Wazee wakamwambia ana roho mbaya, wakamtoza kondoo. Alimtoa bila kubishana, na jioni hiyo hiyo nikamkuta amerudi pale pale, amejifunika gunia, ananyeshewa. Nikamuuliza kwa nini asiwaache wajionee wenyewe. Akasema, "Ng'ombe wakifa, watoto wao watakunywa nini?"

Barabara ilipokauka nililihamisha lile lundo lote hadi shimoni, na hakuna mtu Bomet wala Kericho angelifanya haraka kuliko mimi. Hakuna ng'ombe mwingine aliyekufa. Kwa hiyo majirani wakaendelea kuamini kwamba udongo ule haukuwa na neno. Wengi hawakumsalimia tena hadi kifo, na Jumamosi kaburi tulilifukia watu wachache.

Nami niliyepata mali kwa kuhamisha vitu nawaambia: sumu ukiihamisha, umeihamisha tu. Chemchemi bado hutoa manjano masika yakianza, na juu ya lile shimo nyasi imeota tamu, na ua wa kuzuia ng'ombe unaanguka. Nitaweka waya mpya, pesa ninayo. Lakini waya hauwezi kusimama barazani, ukatukanwa, ukatoa kondoo, kisha ukarudi kazini.