Bule au Selete

Mume wangu alikuwa mtu wa bule. Nasema ule mpira wa chuma unaofungwa nyuma ya gari: tela linaukamata kwa juu, unakaza boliti, unapitisha na mnyororo, basi, mmeoana. Mimi nilitaka selete. Na nikitaka kitu mimi, muulize yeyote pale mtaani kwetu Buyenzi.

Tulikuwa tumesimama katika duka la vipuri la mzee mmoja Mwarabu, vyuma vyote viwili viko sakafuni mbele yetu. Selete ni ile sahani nzito yenye mpasuko ambayo malori makubwa huibeba mgongoni ili kushika tela. Hii ilikuwa ndogo, imeng'olewa kwenye gari lililokufa, na ingeweza kukaa ndani ya karoseri, bodi la nyuma la kamioneti yetu ndogo ya mizigo, juu ya ekseli. Ubavuni ilikuwa na mkono. Mzee akauvuta, kla! Taya zikafunguka.

"Unaona?" nikamwambia mume wangu. "Mutu anakaa ndani ya gari, anavuta, tela inabaki. Hata kushuka hashuki."

"Ndiyo ile sitaki. Tela ibaki, na mashine ibaki?"

Mashine ni yetu ya kusaga unga, iliyotulisha tangu tuoane. Vita vilikuwa vimefunga njia za mahindi, mjini hakuna cha kusaga, na kaka yangu alikuwa ametupatia chumba karibu na soko la Gitega. Kufika huko ilibidi kupanda milima ndani ya konvoi, magari yamejipanga mstari mmoja nyuma ya wanajeshi. Na konvoi haikumngoja mtu. Ukikwama kwenye kona wenzako wanakupita, unabaki wewe, Mungu wako, na wale waliojificha msituni. Niliogopa, sifichi. Tela zito kwenye mlima ule lingeweza kutuua.

"Mashine ikipotea tutakula nini?" akauliza.

"Na sisi tukipotea, mashine itamusagia nani?"

Mzee akacheka mpaka akakohoa. "Baba, chukua selete. Huyu mama hatakuacha ulale."

Tukaichukua. Fundi akaichomelea, tukang'oa mlango wa nyuma wa karoseri ili shingo ya tela ipite, mume wangu kanuna siku nzima. Tukapatana hivi: mimi nitakaa nyuma, kando ya selete. Yeye akiona mambo yameharibika atapiga kelele "Achia!" nami nitavuta.

"We unapendaka kuuliza," akanionya. "Siku ile, apana kuuliza."

Asubuhi ya safari, mama yangu mzazi alikuwa amekwisha kaa mbele na watoto. Jirani yetu mmoja akaja mbio, kichanga mgongoni, anaomba naye atoke mjini. Mama, kama kawaida yake, akashuka akampa nafasi. Mara filimbi, magari yakaanza kwenda. Mimi nilikuwa nimebanwa na magunia, macho kwenye selete. Nilipoyainua, mama yangu alikuwa amekaa juu ya tela, mgongo kwenye mashine, tasbihi mkononi.

"Mama! Unafanya nini huko?"

"Huku kuna hewa," akasema.

Nikapiga bati la kabini kwa ngumi. Wapi! Injini ilikuwa inanguruma, na mume wangu alijua tu kwamba mkwewe yuko nyuma, akidhani amekaa na mimi kwenye karoseri. Yarabi, niliilaani ile selete, nikajilaani mimi na mdomo wangu. Kila tulipopita shimo niliutazama ule mkono kama utafunguka wenyewe.

Tulikuwa karibu kumaliza mlima risasi zilipolia mbele yetu. Konvoi ikaongeza mwendo. Kamioneti yetu ikaanza kuishiwa nguvu, inatoa moshi, na magari ya nyuma yakatupita moja moja, honi juu ya honi. Mume wangu akatoa kichwa dirishani.

"Achia! Achia!"

Mkono wangu ulikuwa tayari kwenye chuma. Mama aliniangalia. Alikuwa amesikia kama mimi.

"Achia, mwanangu," akasema, taratibu, kama ananiambia niepue chungu. "Kuna watoto pale mbele."

"Mama, nyamaza!"

Sijawahi kumwambia mama yangu neno lile kabla ya siku ile, wala baadaye. Niliuogopa mkono wangu mwenyewe. Nikavua kitenge cha kiunoni, nikauzungushia ule mkono wa selete, nikafunga fundo juu ya fundo, nikakaza kwa meno. Kisha nikainuka, nikalipiga bati na kupasua koo: "Mama iko ku tela! Kanyaga! Kanyaga!"

Safari hii alisikia. Sijui gari lile lilipata wapi nguvu. Lilipanda likilia, nasi tukilia.

Kule juu, Bugarama, konvoi iliposimama, mume wangu alikuja nyuma. Akamtazama mama juu ya tela. Akanitazama nimesimama na gaguro tu.

"Nilisema achia," akasema.

"Nilikusikia."

"Hata mi nilimuambia," mama akadakia huku akijipangusa vumbi. "Huyu hasikiaka tangu mutoto."

Mume wangu akalishika fundo kama anataka kulifungua. Halafu akalikaza zaidi, akavua koti lake akanifunika nalo kiunoni, akarudi kwenye usukani.