Meza ya Mti wa Mshita

Nikiwa mtoto Dodoma niliamini kwamba mti wa mshita hauoti duniani. Kanisani kwetu, kila msomaji alipofika kwenye habari za hema la kukutania, alitaja mshita: sanduku la mshita, meza ya mshita, mbao za mshita zilizofunikwa dhahabu. Hakuna aliyewahi kutuonyesha mti huo. Nilimwuliza mwalimu wa shule ya Jumapili, akasema ni mti wa Mungu, niache udadisi. Nikauacha huko mbinguni pamoja na malaika. Nikakua, nikajifunza useremala, na mwisho wa safari ndefu nikawa fundi wa samani London, na karakana yangu ndogo Croydon, nyuma ya duka la vigae.

Siku moja mchungaji wetu alinijia. Kanisa letu ni la Watanzania na Wakenya, nasi tunaabudu kwa Kiswahili katika ukumbi wa kukodi kule Woolwich. Alitaka meza ya mikate ya wonyesho, ile iliyokuwa ndani ya hema, ili watoto waione kwa macho yao badala ya kuchorewa ubaoni.

"Vipimo viko kwenye Kutoka," alisema. "Dhiraa mbili urefu, moja upana, moja na nusu kwenda juu. Tumia MDF, fundi, halafu piga rangi ya dhahabu. Nani atajua?"

Nilikubali. MDF haina fundo wala haibishani na msumeno.

Wiki hiyohiyo nilikuwa na kazi Stanmore, kwa mama mmoja wa Kiyahudi, mjane wa miaka themanini na kitu. Meza yake ya chakula ilikuwa ya kurefushwa, na bawaba za ubao wa pembeni zilikuwa zimeng'oka. Alitaka iwe tayari kabla ya Ijumaa jioni, maana wajukuu wangekuja kula Sabato. Alivuta kiti akakaa karibu yangu, akinitazama kama mkaguzi.

"Polepole na hiyo nyundo," aliniambia. "Hiyo ni madhabahu yangu."

Nilidhani ananitania. Akanieleza kwamba tangu Hekalu lao libomolewe, meza ya nyumbani ndiyo imeshika nafasi yake. Ndiyo sababu mkate wa Sabato huuchovya kwenye chumvi, kwa kuwa zamani kila sadaka ilitiwa chumvi. Na kwao, kabla ya kushukuru baada ya kula, visu huondolewa mezani, kwa kuwa mawe ya madhabahu hayakuchongwa kwa chuma.

"Chuma hufupisha maisha ya watu," alisema, "na madhabahu iliwekwa iyarefushe. Haviwezi kukaa pamoja."

Nikaitazama bisibisi iliyokuwa mkononi mwangu.

"Wewe endelea," akasema. "Leo ni Jumanne."

Ndipo nikamsimulia kazi niliyopewa na mchungaji. Aliniuliza nitatumia mti gani. Nikamjibu MDF. Akauliza ni kitu gani hicho, nikamwambia ni unga wa mbao ulioshindiliwa kwa gundi. Alikunja uso kama mtu aliyeonja maziwa yaliyoharibika.

"Imeandikwa mti. Shitim."

"Kwetu tunasema mshita. Lakini sijawahi kuuona."

"Wewe? Seremala, tena kutoka Afrika?"

Aliinuka kwa kujishikilia ukingo wa meza, akaenda chumba cha pili, akarudi na kitabu kinene cha picha za mimea. Alifungua ukurasa akaniwekea mbele. Niliona mti wa jangwani wenye kichwa bapa, miiba myeupe mirefu kama sindano, na maganda ya mbegu yaliyojisokota.

Nilikaa chini. Ulikuwa mgunga. Ulikuwa ule mgunga uliotuchoma nyayo tukichunga mbuzi, ambao matawi yake tulizungushia zizi fisi wasiingie, na ambao kwetu haukuwa na heshima nyingine yoyote zaidi ya mkaa. Miaka yote ile nilikuwa nimeuacha mbinguni mti ambao mbuzi wetu walikuwa wanakula maganda yake.

"Kwa nini achague huu?" nilimwuliza. "Una miiba, umepinda, kupata ubao mmoja ulionyooka ni adhabu."

"Walikuwa jangwani. Ulitaka watumie nini, mwaloni?" Kisha akakifunga kitabu. "Walimu wetu wa kale walikuwa na jibu jingine. Walisema ni mti usiozaa matunda ya kuliwa na watu. Kama Mungu hakukata mti wa matunda kwa ajili ya nyumba yake, wewe utaukata kwa ajili ya yako?"

Nilimwambia kwamba bibi yangu, ambaye hakujua kusoma, asingemruhusu mtu kuugusa mkwaju kwa shoka. Alitikisa kichwa kukubali, kama vile bibi yangu naye alikuwa mmoja wa walimu hao.

Nilipokuwa nafunga vifaa vyangu akasema, "Nina ombi. Usifuate vipimo kamili. Sisi haturuhusiwi kutengeneza meza iliyo sawasawa na ile. Wewe sheria hiyo haikuhusu, lakini nakuomba."

"Kwa nini hamruhusiwi?"

"Wengine watakupa sababu nyingine. Yangu ni hii: ile meza haipo. Ukitengeneza iliyo sawa nayo, watu watasahau kwamba haipo."

Jioni nilimpigia mama simu Dodoma. "Mama, nimeujua mshita. Ni mgunga."

"Mgunga huu wa mkaa?"

"Huohuo."

"Basi miaka yote nimepikia ugali kuni za sanduku la agano," alisema, akacheka mpaka akakohoa.

MDF niliiacha. Nyuma ya mlango wa karakana palikuwa na ubao wa akasia niliobandua kwenye jiko la mteja. Kwa miaka nilikuwa nafunga mbao hizo majikoni bila kuuliza akasia ni nani. Huyu hakuwa mgunga wa kwetu, alikuwa binamu yake wa Asia, lakini ukoo ni mmoja. Nilipompiga randa, chini ya madoa ya mafuta ikatokea rangi ya asali yenye michirizi myeusi. Nilijenga meza kwa viungo vya kuchomekana, bila msumari. Juu na miguuni nikabandika karatasi nyembamba za rangi ya dhahabu. Upande wa chini nikauacha mti mtupu. Na urefu wote niliupunguza vidole vinne.

Jumapili ya kuipeleka, mzee wetu mmoja wa kanisa, mama Mkenya aliyestaafu uuguzi, alitoa tepu kwenye mkoba wake. Alipima mara mbili.

"Fundi, hii ni fupi."

"Najua, mama. Nimeifupisha makusudi."

"Neno la Mungu unalipunguza makusudi?"

Mchungaji alinitazama kwa macho ya kuniambia niombe radhi. Sikuomba. Niliwaeleza habari ya yule mama wa Stanmore, na kwamba watu waliokabidhiwa vipimo hivyo kwanza ndio wenye kujua uchungu wa kuikosa meza yenyewe. "Akiniomba jirani nisivae viatu vya marehemu wake," nilisema, "sitamwuliza imeandikwa wapi."

Mchungaji alifikiri, kisha akasema, "Iacheni hivyo."

Watoto waliipindua. Msichana mmoja aliyezaliwa hapahapa akaniuliza kwa Kiingereza mbona chini hakuna dhahabu. Nikamwambia apitishe kiganja. Nikawasimulia wote habari za miiba na mbuzi, na jinsi mti uliodharauliwa ulivyopewa kazi ya kubeba mikate mbele za Mungu. Walisikiliza kuliko wanavyomsikiliza mchungaji, naye alikiri.

Yule mama mzee wa kanisa hakubadilika. "Mimi ningeifanya kamili," aliniambia mlangoni. Hata hivyo mikate kumi na miwili ya somo aliioka yeye, akaipanga safu mbili kwa mkono wake.

Nilimtumia mama wa Stanmore picha. Alinipigia siku ileile. Alishukuru kwa vile vidole vinne, kisha akasema miguu ni minene mno. Alikuwa sahihi. Nilikuwa nimeogopa watoto wasije wakaikalia ikavunjika.