Shimo la Ndizi Nililolifukua Kila Siku

Mwanangu, hebu niambie: moyo ukianza kukudunda na hakuna mtu anayekukimbiza, mikono yako unaipeleka wapi? Mimi yangu niliipeleka kwenye shimo la ndizi, ikaniletea aibu. Sogea hapa kwenye jamvi nikusimulie. Shule sikusoma, niliishia kuandika jina langu tu, na hata hilo silipatii vizuri. Lakini haya nayajua.

Nakumbuka vizuri wiki ile. Nilikuwa mke mpya Nyakasimbi, mwezi wa tatu tangu nitoke kwetu Nyakakika. Wifi yangu alikuwa anaolewa. Baba mkwe akachimba shimo nyuma ya nyumba, akachoma majani makavu ndani mpaka udongo ukapata joto, akatandika majani mabichi ya mgomba, akapanga mikungu ya ndizi za pombe, akafunika na udongo. Ndizi zinakaa humo siku tano zinaiva kwa joto, halafu wanaume wanazikanyaga kwenye mtumbwi wa mti, wanatia mtama, ndiyo rubisi hiyo. Na harusi ya kwetu bila rubisi, wageni wanaondoka wakisema wamedharauliwa.

Baba mkwe akasema huku amenipa mgongo, maana wakati ule mkwe hatazamani na mke wa mwanawe: "Anayebaki nyumbani aangalie mbuzi wasikanyage hapa." Aliyebaki ni mimi.

Basi hofu ikaingia. Je, zisipoiva? Watasema mke mgeni ana mkosi. Watanirudisha kwetu, na mama yangu ataweka wapi uso? Siku ya pili nikashindwa kuvumilia. Nikafukua pembeni, nikapenyeza mkono, nikabonyeza ndizi moja. Ngumu! Nikafunika haraka. Roho ikatulia kidogo, kama muda wa kuchota maji hivi, halafu hofu ikarudi imekua. Siku ya tatu nikafukua tena, asubuhi na jioni. Siku ya nne sikumbuki mara ngapi. Nacheka sasa, wakati ule sikucheka.

Siku ya tano baba mkwe akafungua shimo. Ndizi kijani, ngumu kama kuni, na shimo limepoa. Akaanza kuuliza watoto wa jirani, na mmoja akaanza kulia kabla hajaguswa.

Mama mkwe hakuuliza mtu. Alikuja jikoni, akaniambia, "Lete mikono." Nikaitoa. Udongo umejaa kwenye kucha.

"Mtoto wa watu," akasema, "tumeoa mke au tumeoa fuko?"

Nikapiga magoti. "Mama nisamehe. Niliogopa hazitaiva."

"Na ulipofukua, ziliiva?"

"Hapana, mama."

"Joto ulilitoa wewe mwenyewe, kila ulipokwenda kuangalia kama lipo."

Nilidhani nitafunga mzigo wangu siku hiyo hiyo. Lakini mama mkwe alitoka, akamwambia mumewe kwamba kosa ni la nyumbani, yule mtoto aachwe. Baba mkwe akaguna tu. Akatuma mtu kwa wakwe kuomba harusi isogezwe siku sita, akachoma moto upya, akazika ndizi upya. Aibu ile aliibeba yeye mbele za watu, na kosa lilikuwa langu.

Mimi nikaulizwa jambo moja: "Ukiogopa tena utafanya nini?" Nikasema sitaogopa. Mama mkwe akacheka mpaka akashika ukuta. "Utaogopa sana! Sikiliza. Mchana utakwenda bondeni kukata nyasi za kutandika nyumbani siku ya harusi. Nyumba nzima, na nyasi ziwe nyingi. Jioni tukishakula, njoo uniambie hofu zako zote, usifiche hata moja. Mchana usizifanyie kazi."

Jioni ya kwanza nilimwambia hofu nyingi mpaka akapiga miayo. Ya pili zikawa chache, na nyingine nilipozisema kwa mdomo zilinichekesha mwenyewe. Ya tatu nilirudi na mzigo wa nyasi, mgongo unauma, nikala, nikalala. Akaniita asubuhi: "Wewe fuko, jana mbona hukuja?" Nilikuwa nimesahau.

Shimo lilipofunguliwa, harufu tamu ilifika mpaka barabarani. Harusi ikafanyika. Jina la Fuko halikunitoka. Mama mkwe aliniita hivyo mpaka alipofariki.

Sasa mwanangu, ninachokuambia ni hiki. Usijilazimishe usiogope, huwezi, hata mimi mzee naogopa radi. Hofu ikija, ipangie saa yake na mtu wa kumwambia, kisha mikono ipe kazi nyingine. Na kama jambo umeshalifanya sawasawa, ondoka hapo uliache. Mungu akupe usingizi mzuri, na akupe mtu wa kukusikiliza bila kukucheka sana.

Juzi nilimwambia hivyo hivyo mjukuu wangu Kokugonza. Mume wake amekwenda Uganda kwenye mashamba ya pamba, na yeye kila siku anatembea mpaka Kayanga kuulizia barua dukani. Mtoto anamwacha kwa jirani, maharage yamemezwa na majani. Nikamwambia aende siku ya gulio tu, siku nyingine apalilie, na jioni aje kwangu aniambie anachoogopa.

"Bibi, na barua ikifika siku ambayo si ya gulio?"

"Itakungoja. Karatasi haiozi."

Akanitazama sana, kisha akacheka, mara ya kwanza tangu mume wake aondoke. "Haya bibi, nakuahidi. Siku ya gulio tu. Lakini jioni nitakuja na mengi, usipige miayo."