Mgeni Ndani ya Chungu cha Mukula

Nilipokuwa mtoto wa darasa la nne, nyumbani kwetu Kikula, nilikaa kutwa nzima bila kutamka jina la rangi moja, na wanaonifahamu watakubali kwamba kwangu mimi jambo hilo lilikuwa zito kuliko kufunga chakula. Ilikuwa Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, baridi ya kiangazi cha kwetu ikianza. Napenda kuiweka kila siku mahali pake, kwa kuwa kazi ya ukarani ilinizoeza kulitilia shaka jambo lolote lisilo na tarehe. Bibi yangu, tuliyemwita Kambo kama wajukuu wote wa kwetu, alihesabu miaka kwa mvua zake, na sikumbuki kumsikia akikosea.

Mwalimu wa kwaya alikuwa amenichagua niimbe peke yangu ubeti wa kwanza wa wimbo wa kuingilia kanisani. Sharti lilikuwa moja: wasichana wote wavae nyekundu, rangi ya ndimi za moto za sikukuu hiyo. Asiyekuwa nayo angekaa kwenye benchi pamoja na mama yake. Mama alikuwa amenishonea gauni zuri kutokana na shuka, lakini shuka lile lilikuwa jeupe. Habari zilipomfikia Kambo, alikuja Alhamisi kutoka kijijini kwake, kando ya ziwa Tshangalele, akiwa amejitwika furushi la vipande vya kiini cha mti wa mukula.

Mti huo ukikatwa hutoa utomvu mwekundu kama damu. Kwa sababu hiyo wazee wa kwetu waliamini kwamba rangi yake ina uhai, na tena ina haya. Vipande hutwangwa kinuni mpaka viwe unga, nao ndio huitwa nkula. Unga hulazwa katika maji ya majivu, kisha huchemshwa pamoja na nguo. Tangu chungu kinapopanda jikoni mpaka nguo itoke, ni mwiko kuitaja rangi ile. Ikisikia jina lake kabla haijakaa ndani ya nguo, hukimbia, na nguo hutoka ikifanana na maji ya matope. Kambo mwenyewe aliiita mgeni.

"Mugeni, habamuite jina akiwa angali mu njia," alituonya asubuhi ile akipuliza moto. "Anaweza kuogopa, anarudia kwabo." Kisha akanigeukia. "Weye, mudomo yako njo naogopa."

"Minye, Kambo?"

"Weye. Unasemaka sawa redio ya baba yako."

Kaka yangu Célestin, ambaye hakuacha nafasi ya kunitesa impite, alinifuata nyuma ya nyumba akiwa na nyanya mbivu mkononi. "Hii tomate iko rangi gani?" aliuliza kwa upole wa kinafiki.

"Iko rangi ya tomate," nilimjibu.

Kambo alicheka mpaka akaketi chini. Sijapata sifa iliyonifurahisha kuliko kicheko kile.

Alasiri, chungu kikiwa kinatokota vizuri, jirani yetu Mama Odette aliingia uani na kigae mkononi kuomba makaa ya moto. Aliinama, akakodolea macho povu lililokuwa likipanda.

"Aa, Kambo! Munapika nini? Hii iko sawa..."

Kambo aliruka kutoka kwenye kigoda chake. "Funga mudomo! Hapa hatusemake nyekundu!"

Mama aliacha kuosha vyombo. Célestin ndiye aliyethubutu kwanza.

"Kambo, umesema."

"Minye? Nimesema nini?"

"Ile jina."

"Jina gani?"

"Ya mugeni."

Kambo alijiziba mdomo kwa mikono yote miwili, kama kwamba neno lingali karibu na lingeweza kurudishwa. Mimi nikaangua kilio. Nilijiona tayari nimeketi kwenye benchi na gauni la matope, huku msichana mwingine akiimba ubeti wangu. Mama alikimbilia chungu ili ainue nguo, atazame kama imeharibika.

"Usiguse!" Kambo alimkemea. "Ukifungua sasa, anatoka yote. Mwenye kumufukuza njo atamuita. Acha minye nimuite."

Sheria ilikuwa hiyo: aliyeitaja rangi hana budi kuibembeleza irudi, akiisifu kwa vitu vyote inavyofanana navyo, bila jina lake, mpaka moto uzimike wenyewe. Kambo alikaza kikwembe kiunoni, akaanza kuzunguka chungu kwa hatua za ngoma.

"Weye uko sawa udongo ya Kikula kisha mvua! Weye uko sawa mafuta ya ngazi, ile ya mawese! Weye uko sawa shaba yenye kutoka mu moto!"

Mama Odette, aliyejua kwamba naye alikuwa na sehemu yake katika msiba ule, aliweka kigae chini akajiunga. "Uko sawa midomo ya bibi-arusi!"

"Uko sawa pilipili ya kuiva!" Mama aliitikia.

"Sawa macho ya baba akitoka kunywa!" Célestin alipaza sauti.

Mama alimrushia kandambili, lakini mkono ulimlegea kwa kucheka. Wakazunguka, wakasifu, wakarudia walichokwisha kusema, na makaa yakaanza kufunikwa na majivu. Mimi nilikuwa bado nikilia, nikitafuta kitu ambacho hakijatajwa.

"Uko sawa robo yangu!" nikapiga kelele, nikimaanisha gauni langu.

Kambo alisimama. "Njo ile," alisema taratibu. "Umemuonyesha nyumba yake."

Jua lilikuwa linatua alipoinua gauni kwa kijiti. Lilitoka limeiva, limekolea, zito kwa rangi kupita vikwembe vyote nilivyoviona kanisani kesho yake. Alilikung'uta, akanitazama.

"Sasa sema."

Nikasema. Nililitamka neno lile mpaka majirani wakachungulia juu ya ua, na Jumapili nikaimba ubeti wangu.

Mwanangu, ambaye hufundisha kemia, ananieleza kwamba mukula hukolea polepole katika maji ya majivu, na kwamba mwiko ule uliwazuia tu watu wenye haraka wasiinue nguo kabla ya wakati, maana asiyeweza kuitaja rangi hana haja ya kuichungulia. Kuzunguka kule kuliiongezea nguo muda jikoni, basi. Namkubalia, maana maelezo yake yamepangwa vema. Lakini yanahusu gauni peke yake. Mimi niliyekuwa nikilia pale niliona zaidi: watu wanne waliacha shughuli zao, wakazunguka chungu wakiomba kwa sauti kubwa kitu ambacho hakuna hata mmoja wao angekivaa.