Vizibo vya Mpira vya Mama Godelive

Saa kumi na mbili asubuhi, ukungu wa ziwani bado umeifunika Bukavu, na Mama Godelive tayari ametia mikono ndani ya maji ya moto. Anaosha chupa za maabara ya hospitali moja ya mjini, kazi aliyoishika miaka kumi na mmoja. Kwenye kitambulisho ameandikwa Nabintu, kama inavyotaka serikali ya Zaïre, iliyopiga marufuku majina ya Kizungu. Sokoni Nyawera bado ni Godelive.

Zamani aliosha akiimba. Siku hizi anaosha kimya.

Binti yake Cibalonza, mwenye miaka saba, ana pumu. Mwaka jana daktari wa hospitali aliamua kupima damu ya watoto sitini wenye ugonjwa huo, ajue kama wamepungukiwa na zinki, madini ambayo mwili huyapata kwenye nyama na samaki. Atakayeonekana anayo kidogo angepewa vidonge, ionekane kama pumzi itatulia. Daktari hakuahidi kitu. Aliyeahidi ni Godelive, tena mlango kwa mlango, kwa majirani wenye watoto wa kifua.

Vifuniko vya plastiki vilivyoletwa kufungia chupa za damu vilivuja. Godelive hajui kukaa akitazama: alikusanya vizibo vya mpira vya chupa za penisilini, akavichemsha, akafunga navyo damu ya watoto wote, ya Cibalonza ikiwa ya kwanza.

"Nilifikiri mupira utafunga muzuri," anasema. "Sikutaka damu ya batoto imwangike bure."

Wema wake ndio uliomponza. Baada ya miezi minne jibu lilitoka Ubelgiji, damu ilikopelekwa kupimwa: damu zote zimejaa zinki kupita kiasi, kwa kuwa mpira wenyewe una zinki, na imeingia kwenye damu. Vipimo havifai. Vidonge hakuna.

Daktari hakumgombeza, na hilo linamuuma zaidi. Akina mama ndio waliomgombeza, wakitaka kujua damu ya watoto wao ilienda wapi. Baadhi wanavuka barabara wakimwona. Na mvua za mwaka huu Cibalonza amelazwa mara tatu.

Jumatatu damu itatolewa upya, kwa vifuniko vingine. Kati ya wazazi wa watoto sitini, wamekubali tisa tu. Godelive amepanga kumtanguliza Cibalonza mbele ya wote, waone kwamba hafichi kitu. Mtoto amemuuliza kama safari hii itafaa.

"Nilimuambia ndiyo," anasema, akipangusa chupa. "Hata ile mara ya kwanza nilimuambia ndiyo."